ROBOTI HAIKOSEI, NA UNALIWA VILEVILE

Nimekuwa kimya wiki mbili, test zilinibana. Leo nina la moyoni na sitalimung'unya.

Jamaa yangu wa chumba kimoja, boom lilipoingia tu, alinunua programu ya kumchezea poka ya video kwenye kasino ya intaneti. Wenyewe wanaiita "boti". Mara ya kwanza nilidhani kaka anakwenda Zanzibar! Kumbe ni roboti: unaiwasha usiku, inapewa karata tano, inajua zipi za kushika na zipi za kutupa, wewe unalala. Asubuhi unahesabu pesa. Ndivyo alivyoambiwa.

Hoja yake ni moja: roboti haichoki, haina hasira, haikosei. Sawa. Mimi nasomea ualimu wa hisabati, basi tupige hesabu.

Mchezo wenyewe ni Jacks or Better. Ule mzuri unalipa mara 9 ukipata tatu zinazofanana pamoja na jozi, na mara 6 ukipata tano zote za kopa au zote za shupaza. Ukicheza bila kosa hata moja, kwa wastani unarudishiwa asilimia 99.54 ya ulichoweka. Soma tena. Bila kosa, na bado hufiki 100! Huu wa jamaa yangu unalipa 8 na 5, kwa hiyo unarudisha asilimia 97.3 tu. Na humo kuna kama asilimia 2 inayotegemea A, K, Q, J na 10 za aina moja, kitu kinachokuja takriban mara moja katika raundi 40,000.

Sasa weka shilingi 250 kila raundi, roboti icheze raundi 600 kwa saa. Umezungusha 150,000, na wastani wa kuliwa ni 4,050. Ikikesha saa 24 ni 97,200. Mtu angesikia njaa akaenda kula. Roboti haiendi kula. Kutochoka kwake ni faida ya kasino, siyo yako.

Najua kuna mjuaji atasema Nevada kuna Deuces Wild za kulipa asilimia 100.76. Kweli zimekuwepo. Lakini kasino nyingi za intaneti zimeandika kwenye masharti kuwa roboti ni marufuku. Wakikubamba wanafunga akaunti na salio linabaki kwao. Yaani ukiliwa ni halali yao, ukishinda umevunja sheria!

Na aliyemuuzia programu hiyo, kama kweli inaleta pesa, anauza ya nini? Si angeiwasha akalala?

Jamani, sisi ndio walimu wa kesho. Tutasimama ubaoni kufundisha somo la uwezekano, na wenyewe tumelifeli kitandani hosteli.

Wala sijioshi. Elfu ishirini yangu imo humo. Hesabu hizi nilizijua, nikachanga hivyohivyo kwa kuogopa kuitwa mwoga. Sasa chumba chetu kinakula ugali maharage mara moja kwa siku, na boom lijalo liko mbali.

Kama unayo hiyo boti, ifute leo. Anayebisha aje chumbani na kalamu na karatasi. Aje na sukari pia, yetu imeisha.