Vidole Vinapogeuka Vyeupe

Kipupwe kimeingia, nasi twawakumbuka vijana wetu waliopanda Nairobi kwa masomo na kazi. Aliyelelewa Lamu au Mombasa, usawa wa bahari, hujikuta katika mji ulio juu takriban mita 1,700. Akipanga chumba Kangemi, Kawangware au Dagoretti, upande wa magharibi ambako ardhi yazidi kupanda, alfajiri za Julai huweza kumkuta na nyuzi 10 tu za joto.

Hapo ndipo simu huja nyumbani: vidole vimekuwa vyeupe kama vya maiti, vimekufa ganzi, kisha vimegeuka samawati, na vilipopata joto vikawa vyekundu na kuwaka kama moto. Huku kwetu wazee huanza kunong'ona habari za jini na kijicho. Twaomba shauri hilo liwekwe kando. Maradhi haya huitwa Raynaud, kwa jina la tabibu wa Ufaransa, Maurice Raynaud, aliyeyaeleza mwaka 1862. Mishipa midogo ya damu vidoleni hujibana kupita kiasi kwa baridi au fadhaa, damu ikakatika, kisha ikarejea kwa kishindo. Katika ngozi nyeusi weupe huo hauonekani wazi kila mara. Tazameni viganja na kucha.

Wengi wanaopatwa ni wasichana na wanawake vijana, na kwao aghalabu ni udhia, si hatari. Lakini yaanzapo kwa mtu aliyepita miaka 30, au yakifuatana na vidonda kwenye ncha za vidole, ngozi kukakamaa na viungo kuuma, huenda nyuma yake kuna lupasi au skleroderma, maradhi yawezayo kufika hadi figo na mapafu. Huyo apelekwe kwa daktari apimwe damu. Kungoja kwaweza kumpotezea kidole. Mafundi washikao mashine za kutetema mchana kutwa nao hupatwa. Wavutaji sigara hujizidishia, kwani tumbaku hubana mishipa. Wapo pia wanaotumia propranolol au atenolol kwa moyo au presha. Dawa hizo huweza kuchochea hali hii, ila mtu asiziache kabla ya kumwuliza daktari. Ikizidi, daktari huweza kuandika nifedipini, ambayo hulegeza mishipa.

Lililotusukuma kuandika hasa ni udhu wa alfajiri. Tusiwaache watoto wakateseka kwa maji ya bomba wakidhani ndiyo uchamungu. Kupasha maji moto kunaruhusiwa, na kwa mwenye birika ndiyo njia ya kwanza. Kupaka juu ya khofu zilizovaliwa kwa twahara ni ruhusa, mchana na usiku mmoja kwa mkaazi. Na Amr bin al-As, katika vita vya Dhat as-Salasil, alitayamamu kwa kuhofia baridi, na Mtume (SAW) hakumkaripia. Mwenye shaka amwulize shekhe wa karibu naye.

Jiko la makaa lisiingizwe katika chumba kilichofungwa: hewa yake ya sumu huua bila kuonekana, na vidole vyenye ganzi huungua bila mtu kuhisi. Maji ya vuguvugu, au kuficha mikono kwapani, yatosha. Soksi za sufu na glavu hazikosekani katika mitumba ya soko la Toi. Sweta na kofia pia zinunuliwe, kwani kifua kikipoa, mishipa ya vidole hujibana hata ndani ya glavu.