Hemed Suleiman na Mizani Yetu

Desemba 2025 nilikuwa nyumbani Mhezi, huku juu katika milima ya Upare, Taifa Stars ilipocheza na Tunisia. Tulijazana katika kibanda cha televisheni, vijana mbele, wazee nyuma. Sare ya 1-1 ilitufikisha hatua ya 16 bora kwa mara ya kwanza. Kelele zilipopungua, mzee mmoja akaniuliza: "Mwanangu, yule Hemed yuko wapi?"

Hemed Suleiman, maarufu kwa jina la Morocco, alikabidhiwa timu Januari 2024, katikati ya fainali za Ivory Coast, baada ya Adel Amrouche kufungiwa. Tulikuwa tumetoka kufungwa 3-0. Akapata sare mbili, dhidi ya Zambia na DRC. Tarehe 19 Novemba mwaka ule ule tukaifunga Guinea 1-0 kwa Mkapa, tukafuzu tena. Agosti 2025 akatufikisha robo fainali ya CHAN, ambako hatukuwahi kufika. Novemba, wiki chache kabla ya fainali zile alizotufuzia, TFF ikaachana naye na Miguel Gamondi akapewa kukaimu. (Kwamba fainali zenyewe zilichezwa Morocco ni kejeli ambayo sikuitunga mimi.)

Simbezi Gamondi, matokeo yake tuliyashangilia sote. Nakiri pia kwamba safari ya Kombe la Dunia la 2026 ilikwama mikononi mwa Hemed. Hata hivyo, Marcio Maximo alikaa nasi tangu 2006 hadi 2010 bila kutupeleka AFCON, na hadi leo tunamtaja kwa mapenzi. Mgeni akikwama tunasema anajenga timu. Mzawa akikwama tunasema uwezo wake umefika mwisho.

Watumishi wa umma wanaonisoma wanaifahamu hali hii. Mtu hukaimu idara miaka mitatu, akajua kila jalada lilipo. Siku nafasi inapojazwa huletwa mwingine, naye huagizwa amwelekeze kazi.

Nilimweleza mzee kwamba Hemed aliondolewa. Akauliza: "Alikosa nini?"

Nikasema sijui, nami ni msomi wa kijiji. TFF itujibu hadharani: kocha mzawa hupimwa kwa vigezo gani, na je, mgeni hupimwa kwa hivyo hivyo?