Asiyekuwepo na lake halipo, hata Venice

Wewe unayepaka rangi matatu za Kongowea, au unayekata mitumba ya pale sokoni ukashona kitu ambacho hakuna mwingine anacho, hii stori inakuhusu. Inahusu jina la nchi yako na nani ana haki ya kulitumia.

Mji wa Venice, Italia, una maonyesho ya sanaa yaliyoanza mwaka 1895 na kwa kawaida hufanyika kila baada ya miaka miwili. Nchi huenda na banda lake, kama vile timu zinavyokwenda Kombe la Dunia. Karibu nchi 30 zina majengo ya kudumu katika bustani ya Giardini. Kutoka Afrika, ni Misri pekee. Kenya haina jengo pale. Ikienda, hutafuta ukumbi kwingine mjini.

Tulianza mwaka 2013, na tulianza vibaya. Mlangoni paliandikwa Kenya, lakini ndani wengi wa wasanii walikuwa Wachina. Mwaka 2015 orodha ikatoka tena, na tena majina mengi yalikuwa ya China. Hapo wasanii wetu wakasema imetosha. Watu wakatia saini mtandaoni kulalamika, na Michael Soi akachora michoro aliyoiita "Shame in Venice", yaani aibu Venice. Serikali ikalikana banda hilo.

Tusiwatupie lawama wasanii wa China. Wao walialikwa, wakaenda. Swali ni letu: kiti cha Kenya kilibakije wazi hadi wengine wakakikalia? Jibu halifichiki. Nyumbani hakukuwa na mpango, wala pesa, wala mtu wa kuulizwa.

Kulirejesha banda hilo hakukuhitaji saruji wala fundi wa paa. Kulihitaji Wakenya. Mwaka 2017, msimamizi akiwa Jimmy Ogonga, wakaenda wasanii kama Peterson Kamwathi, Paul Onditi na Arlene Wandera. Pesa za serikali zilizoahidiwa hazikufika kwa wakati, wakahangaika, lakini maonyesho yakafunguliwa katika jengo lililokuwa shule. Mwaka 2022 wakarudi wengine: Syowia Kyambi, Kaloki Nyamai, Wanja Kimani na Dickens Otieno. Huyu Otieno hukata mikebe ya alumini vipande vyembamba kisha akaifuma kama kitambaa. Ndiyo, mikebe ile ile unayoipiga teke ukitoka sokoni.

Mwaka huo huo Uganda ilikwenda kwa mara ya kwanza. Acaye Kerunen alipeleka kazi za ususi, na banda lao likapewa tuzo ya kutajwa kwa heshima. Ususi, jamani! Bibi zetu wa Pwani wamesuka mikeka na makuti maisha yao yote, na sisi tunaviona vitu vya kukalia na kuezekea tu.

Msimamo wetu ni huu. Kwanza, nafasi za kuiwakilisha Kenya zitangazwe wazi, Mombasa na Kisumu wasikie siku moja na Nairobi. Pili, bajeti itoke mapema, si wiki za mwisho. Tatu, kaunti itupe kumbi za kuonyeshea kazi huku bara, si kule kisiwani peke yake. Mcheza kwao hutunzwa, lakini atacheza wapi kama kwao hakuna uwanja?

Na wewe pia una kazi. Piga picha kazi zako vizuri, andika tarehe na jina lako, tunza kumbukumbu. Nafasi ikitangazwa, tuma maombi. Usiseme hayo ni mambo ya wakubwa. Hadithi hatukosi. Hapo Kengeleni tu, jina lenyewe limetokana na kengele ya Frere Town, makazi ya watu waliokombolewa utumwani miaka ya 1870. Ni wangapi wetu tumewahi kuichora?

Mwaka 2015 kelele za wasanii ziliokoa jina la nchi. Kelele ilikuwa mwanzo mzuri, ila haijazi ukuta. Ukuta hujazwa na kazi, na kazi hiyo iko mikononi mwako. Usipoipeleka wewe, usishangae ukikuta mwenye jina lingine amesimama mlangoni, chini ya bendera yako.