Tiketi ya bei ya chini isiyofika Goma

Goma, Desemba 2025. Tangu mwisho wa Januari mwaka huu kiwanja chetu cha ndege hakipokei abiria. Kila mkaaji wa mji analijua hilo. Lakini ndugu zetu walio ngambo, wengi wao, hawajui maana yake kwa mfuko wao, na sisi tulio hapa hatuwaambii mapema. Ndiyo sababu naandika maoni haya.

Mwezi wa Agosti dada yangu mkubwa alilazwa hospitali. Mtoto wake wa kiume anaishi Brussels. Tulipompigia simu, alianza kutafuta tiketi usiku uleule. Hakujua atakaa na mama yake siku ngapi, kwa hiyo alitaka tiketi ya kuja tu, mambo ya kurudi atayaona baadaye. Asubuhi akaniandikia: "Mjomba, nimepata ya bei ya chini. Siku ya nne niko Kinshasa." Nikamuuliza: na kutoka Kinshasa? Akajibu kwamba aliyemuuzia amemhakikishia ndege za ndani hazikosekani. Nikamwambia asilipe. Alikuwa amekwisha kulipa, na tiketi yenyewe ilikuwa ya aina ile isiyorudishiwa feza.

Akafika Kinshasa. Ndege ya Goma hakuna, ya Bukavu hakuna, maana Kavumu nako kumefungwa tangu Februari. Zilibaki njia mbili: kununua tiketi nyingine ya kuzunguka kwa Addis Ababa au Nairobi hadi Kigali, ama kuruka hadi Beni, kuvuka Uganda kwa Kasindi, kisha kuingia tena Kongo kwa Bunagana. Alipokuwa bado anakopa feza ya tiketi ya pili, mama yake alifariki. Tulimngoja siku mbili. Wazee wakasema tuzike. Alifika siku ya tatu baada ya mazishi, akiwa na sanduku la dawa alizomnunulia mama.

Tulipokaa naye kupiga hesabu, safari yake ilikuwa imekula karibu mara mbili ya bei ya tiketi ya Brussels–Kigali, ile aliyoiacha sababu ilizidi kidogo.

Simlaumu kijana. Miaka michache nyuma, mtu aliweza kukata tiketi moja tu Ulaya, akabadili ndege Addis Ababa, Ethiopian Airlines ikamleta mpaka hapa Goma. Au akashuka Kinshasa, akalala kwa ndugu, kesho yake akapanda ndege ya ndani. Kijana alinunua tiketi kwa akili ya wakati ule. Lakini wakati ule umepita, na anayetafuta bei ya chini leo lazima ahesabu mpaka mlangoni kwa mama yake. Bei inayoonekana kwenye simu ni ya kufika mji wa watu.

Kwa hiyo ndugu, kabla ya kulipa, tazama ramani kwanza. Mlango wa karibu ni Kigali. Kutoka pale hadi Gisenyi ni kilomita kama 155 za lami, saa tatu au nne za basi, kisha unavuka kwa miguu Grande Barrière. Mlango wa pili ni Entebbe. Mara nyingine tiketi ya Entebbe inashuka chini ya ile ya Kigali, kwa kuwa mashirika yanayotua pale ni mengi. Lakini ongeza barabara ya Kampala, Mbarara, Kabale na Kisoro hadi Bunagana, mpaka ambao Uganda iliufungua tena Julai mwaka huu, kisha Rutshuru hadi Goma. Ni safari ya siku nzima na zaidi, yenye kulala njiani na vizuizi. Ikiwa tofauti ya tiketi ni dola 60 au 70, barabara itaimeza yote.

Najua wapo walioapa kwamba hawatapita Kigali, kwa sababu ya yale yaliyotupata. Siwezi kumcheka mtu kwa uchungu wake. Wengine wanaogopa kwa sababu ya mambo waliyoandika au kusema. Hao wachague Entebbe wakijua bei yake, au wazungumze kwanza na familia kama ni salama kuja. Lisilofaa ni kununua ya Kinshasa kwa hasira, halafu kukwama.

Pili, usidhani tiketi ya kwenda tu ndiyo nafuu sababu ni nusu ya safari. Kwa safari ndefu, mashirika mengi huuza ya kwenda na kurudi kwa bei iliyo karibu na ya kwenda tu, na mara nyingine hata chini yake. Tazama zote mbili. Kama unakuja kwa ugonjwa na hujui siku ya kurudi, uliza bei ya tiketi ambayo tarehe yake ya kurudi inaweza kubadilishwa. Lakini ukikata ya kwenda na kurudi, usiruke kipande cha kwanza: usipopanda ndege ya kwanza, shirika hufuta vipande vyote vinavyofuata. Na jihadhari na tiketi mbili za mashirika mbalimbali ulizoziunganisha mwenyewe. Ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halikudai pole wala halikurudishii kitu.

Tatu, mizigo. Mashirika mengi yanayokuja upande wetu huruhusu mizigo miwili ya kilo 23, lakini bei ile ya chini kabisa inaweza kuwa ya begi la mkononi tu. Anayerudi moja kwa moja na maisha yake yote katika masanduku asome mstari huo kabla ya mwingine wowote.

Nne, karatasi. Wengi wenu mmechukua uraia wa Ubelgiji, wa Kanada au wa Marekani, na katiba yetu, kifungu cha 10, inasema uraia wa Kongo ni mmoja tu. Kwa hiyo kwenye mpaka wewe ni mgeni. Na mgeni mwenye tiketi ya kwenda tu anaweza kuulizwa pale anapopandia ndege: utatoka vipi katika nchi unayokwenda? Uwe na jibu, na uwe na kadi ya chanjo ya homa ya manjano.

Kwa yule ambaye hana karatasi kule wala feza ya kurudi, kuna njia isiyo ya aibu. Shirika la kimataifa la uhamiaji, OIM, husaidia wanaotaka kurudi kwa hiari yao, na katika Ubelgiji ofisi ya Fedasil inashughulikia jambo hilo. Tiketi hulipwa. Afadhali kuuliza pale kuliko kukopa kwa mtu atakayekudai miaka mitatu.

Na sisi familia tulio Goma tuna deni letu. Mabenki yalifunga mwezi ule ule wa Januari, feza inatembea kwa simu na kwa mkono. Tukimwita mtoto aje, tuweke pembeni dola za njia kabla hajapanda ndege. Tumwambie ukweli wa barabara na saa za mpaka kufungwa wiki hiyo. Na mgonjwa akizidi, tusingoje siku ya mwisho ndipo tupige simu. Tiketi ya kesho ndiyo ghali kuliko zote.

Lakini neno langu kubwa nawaambia wakubwa, wa pande zote. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilimwaga lava juu ya kiwanja hiki, ikafunika kipande cha njia ya kurukia; ndege zikaendelea kutua kwenye kipande kilichobaki. Mei 2021 mlima ulitapika tena, na kiwanja kikafungua baada ya muda mfupi. Volkano haikutufungia kwa muda mrefu kama walivyofanya watu. Tarehe 30 Oktoba, kule Paris, ilitangazwa kwamba kitafunguliwa kwa ndege za msaada. AFC/M23 wakajibu kwamba hawakuulizwa. Mpaka leo tunangoja.

Ndege za msaada zije, tunazihitaji. Lakini kwenye mazungumzo yenu muandike pia abiria wa kawaida: mgonjwa, mfanyabiashara, mwanafunzi, mtoto anayekuja kumwona mama yake. Huyo si ushindi wa upande wowote. Dada yangu hakuwa na upande. Alikuwa akiuliza kila asubuhi kama mtoto amefika, na sisi tukimjibu: yuko njiani.