Fonti: chuma kigumu kinachokatika

Juma hili tunajibu ulizo la vikundi vya ushonaji: kwa nini mguu wa mashini ukianguka kwenye pikipiki unakatika, na fundi akiuchomelea unakatika tena, pembeni ya pale pale? Si ulizo dogo. Mama aliyeacha shamba lake Masisi au Walikale juu ya vita, mara nyingi mashini ndiyo shamba lililobaki.

Kwa mashini za zamani, mguu, pedali na gurudumu kubwa ni fonti, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa ndani ya umbo la mchanga. Chuma cha kujengea nyumba kina kaboni kidogo sana, haifiki 1 kwa mia. Fonti inayo kati ya 2 na 4 kwa mia. Kaboni ni kitu kile kile kinachojaa ndani ya makala ya mbabula.

Kaboni inasaidia fonti kuyeyuka karibu na digrii 1 200, wakati chuma kitupu kinangoja 1 538. Ndiyo sababu ni rahisi kuimimina yenye maua na herufi, kama tunavyoona kwenye miguu ile. Lakini ikipoa, kaboni inalala ndani kama vijani vidogo vyeusi, na ufa unafuata vijani hivyo. Fonti inabeba uzito mkubwa. Ukiipiga haipindi, inakatika. Hiyo ni fonti ya kijivu. Ile nyeupe ni ngumu zaidi na inavunjika upesi zaidi. Inawekwa mahali pa kusagika, kama sahani za mashini ya unga.

Pasi ya makala nayo mara nyingi ni fonti: ikiwa ya moto, msiimwagie maji, itapasuka. Sufuria zetu nyingi ni aluminiamu, hata zile nzito za kumiminwa. Chukueni sumaku ya redio iliyokufa: kwa fonti inashika, kwa aluminiamu haishiki. Mwenye chungu cha fonti asikitupe. Utafiti wa Etiopia uliotoka mwaka wa 1999 katika gazeti la waganga The Lancet ulionyesha kwamba watoto waliopikiwa ndani ya vyungu vya chuma waliongezeka damu kuliko wa aluminiamu. Mtoto mwenye kupungukiwa damu apelekwe kituo cha afya hata hivyo.

Turudi kwa mashini. Kabla ya safari, tenganisheni kichwa na meza, fungueni vise za miguu, kila kipande kivikwe blanketi au nguo nzee. Chuma kisigongane na chuma njiani.

Ikiwa imekwisha kukatika, muulizeni fundi kabla ya kulipa: ana fimbo za nikeli? Atapasha kipande chote polepole juu ya makala, kisha akifukie ndani ya majivu makavu kipoe polepole? Akisema atatumia fimbo ya kawaida na kumaliza kwa dakika tano, msimwachie. Afadhali atoboe matundu na kufunga bamba la chuma pande zote mbili kwa bulo. Haipendezi kwa macho, lakini haiombi moto, na mnashona kesho yake.