Upako wa Zamani na Uvumbuzi Mpya

Hataza haistahili kutolewa iwapo fundi wa kawaida wa fani ile angeweza kuufikia uvumbuzi kwa urahisi kutokana na maarifa yaliyokwisha kutangazwa. Kanuni hii ni nyepesi kuitamka, lakini nzito kuitumia. Maandishi ya dunia ni bahari, na mkaguzi hana budi kuamua yapi yanahusika.

Mahakama za Marekani huuliza maswali mawili. Je, andiko la zamani ni la fani ya mvumbuzi? Kama sivyo, je, lagusa tatizo alilokuwa akilitatua? Likikosa yote mawili, huwekwa kando.

Rufaa ya kampuni ya Ethicon, iliyoamuliwa mwaka 2017, yaonyesha uzito wa jambo hili. Hataza yake ilihusu stenti, yaani kijibomba kinachotanuliwa ndani ya mshipa ili damu ipite, kilichopakwa polima yenye dawa. Polima hiyo ilikuwa na sehemu 85 za vinilidini floridi kwa 15 za heksafloropropilini. Mchanganyiko huo ulikwisha kuelezwa katika hataza ya mwaka 1965, miaka mingi kabla ya stenti kutumika kwa wagonjwa. Majaji wawili waliunga mkono kukataliwa kwa madai ya Ethicon. Wa tatu alipinga, akiona kuwa vipande viliunganishwa baada ya jibu kujulikana.

Uamuzi wa walio wengi una mantiki. Upako wa stenti lazima unyumbuke bila kupasuka. Atafutaye polima inyumbukayo hatajifungia katika vitabu vya tiba. Ataiendea kemia ya polima.

Hata hivyo, kufanana kwa kitu hakutoshi. Katika shauri la Clay la mwaka 1992, jeli ilijaza nafasi chini ya tangi la mafuta yaliyosafishwa. Andiko lililotangulia lilitaja jeli ya kuziba nyufa za miamba ardhini wakati wa kuchimba mafuta. Mahakama ililikataa: jeli zilifanana, matatizo yalitofautiana.

Hapo ndipo penye mizani ya haki. Mlango ukifunguliwa mno, kila uvumbuzi utaonekana kuwa mkusanyo wa mambo ya kale. Ukibanwa mno, maarifa ambayo ni mali ya wote yatamilikishwa upya kwa kubadilishiwa jina la kiwanda tu, na umma utayalipia kwa miaka mingi. Yafaa basi mkaguzi alitazame tatizo kwanza, na jina la fani baadaye.