Ulimi wa Reli

Gari moshi halina usukani. Dereva huongeza mwendo au huupunguza tu. Njia huchaguliwa chini, penye pointi. Hapo pana vyuma viwili virefu vyenye ncha, yaani ndimi, vilivyounganishwa kwa pau. Ulimi mmoja ukigandamana na reli yake, wa pili huachana na yake, na ukingo wa gurudumu hupita katika mwanya huo. Ndimi husukumwa kwa wenzo wa mkono au kwa mota, kisha kufuli huzizuia zisisogee.

Kufuli, hata hivyo, haitoshi iwapo pau zimelegea. Askari aliyezoea kukagua silaha yake atafahamu. Tarehe 10 Mei 2002, huko Potters Bar, kaskazini ya London, nati za pau zilikuwa zimefunguka. Sehemu ya mbele ya gari ilipita. Ndimi zikasogea, behewa la mwisho likaacha njia na kukwama stesheni. Walikufa watu 7, mmoja wao mpita njia aliyeangukiwa na vifusi. Tarehe 23 Februari 2007 pointi nyingine ilishindwa vivyo hivyo, huko Grayrigg. Ukaguzi uliopangwa siku 5 kabla haukufanyika.